Kumsindikiza Papa Séraphin

Mimi si mtu wa kulalamika. Mimi naangalia tu, halafu nasema nilichokiona. Mtu akiumia, hiyo ni kazi yake.

Chukua tramu za hapa Brussels. Hata mtoto mdogo anajua kwamba huwezi kutia maziwa katika chupa iliyojaa maji. Unamwaga maji kwanza. Lakini watu wenye diploma, wenye tai shingoni na mkoba wa ngozi, mlango ukifunguka tu wanajitupa ndani, halafu wanatukuta sisi tunaotaka kutoka, na wanatuangalia kama tumewavunjia nyumba. Wanasema "pardon", ndiyo samahani yao. Hilo neno pardon wanalitumia kama kiwiko.

Jumapili ile ya Septemba, mwaka wa tisini na tatu, sikuwa na nafasi ya kufundisha watu adabu. Ndani ya blauzi yangu, upande wa moyo, nilikuwa nimeficha miwani ya mdogo wangu Nsimire, na treni ya Papa Séraphin ilikuwa inaondoka Gare du Midi saa tano na dakika kumi.

Nsimire yuko Bukavu. Ni mshonaji. Kila mwaka masista wa shule moja humpa kazi ya kushona nguo za wanafunzi, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wake wanne. Lakini macho yalikuwa yameanza kumkimbia. Barua yake ya mwisho, ambayo jirani alimwandikia, ilisema ameshona suruali tatu zenye mfuko nyuma ya goti, na shati moja lenye mikono yote miwili upande mmoja. Siku ya kwanza sista mkubwa alicheka. Siku ya pili hakucheka. Alimwambia: "Mama, usipopata miwani mpaka katikati ya Septemba, kazi nitampa fundi mwingine." Na alikuwa na fundi mwingine tayari, kijana, mwenye macho kama ya mwewe.

Basi Nsimire akanitumia karatasi ya daktari wa macho yenye namba zake. Fundi wa miwani wa huku Etterbeek akanila siku kwa kesho, kesho, kesho, mpaka Jumamosi jioni ndipo akanipa. Na kutuma kitu kwa posta ya kwetu, miaka ile, ilikuwa sawa na kukitupa katika Ziwa Kivu na kukiambia kiogelee. Njia ilikuwa moja tu: mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa Papa Séraphin wa Auderghem, aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya binti ya kaka yake. Treni mpaka Paris, ndege mpaka Bujumbura, gari mpaka Bukavu. Baada yake, hakuna msafiri mwingine niliyemjua mpaka Noël, Krismasi.

Binti yangu Rolande hakuweza kunipeleka. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na Jumapili hiyo alikuwa na zamu. Anatunza wazee wa watu. Mzee wake anajitunza.

Nikapanda tramu namba themanini na moja. Ndani, kiti kilikuwa kimoja tu, na juu yake amelala mbwa. Pembeni ya mbwa kulikuwa na madame mwenye kofia.

"Madame," nikamwuliza, "huyu amelipa?"

"Amechoka," akasema.

"Mimi pia nimechoka, na nina miaka sitini na nane. Yeye ana mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi ni mtoto. Kwetu mtoto humpisha mzee."

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini kiti chake hakunipa.

Tukafika kituo cha tatu. Akapanda monsieur mmoja, akasimama kwenye ngazi ya mlango na kuanza kumwuliza dereva njia ya kwenda kwa dada yake. Dereva naye, badala ya kusema sijui, akaanza kumweleza, kulia, kushoto, kulia tena, na monsieur akarudia yote kwa sauti, akakosea, wakaanza upya. Mlango wazi, tramu imesimama, miwani ya Nsimire inapiga moyo wangu. Nikasema kwa nguvu: "Monsieur, dada yako amehama!" Akageuka, ameshtuka kweli. Mlango ukafungwa nyuma yake, tukaondoka.

Mimi nilisimama pale mlangoni njia nzima, katikati kabisa, nikishika nguzo kwa mikono miwili nisije nikapitiliza kituo changu. Watu wakawa wananisukuma wakipita. Hawana malezi.

Gare du Midi siku ya Jumapili ina soko, na sokoni watu hutembea kama wanafuata jeneza. Baba, mama na watoto watatu wamejipanga mstari mmoja kuzunguka tikiti maji moja, wanalinusa kwa zamu. Bibi mwenye kigari cha magurudumu mawili anasimama ghafla, bila sababu, kama punda. Nikajaribu kulia, nikajaribu kushoto. Ndipo Mustafa, yule anayeniuzia zeituni na pilipili, akaniona.

"Maman Émérance! Leo hununui?"

"Leo nakimbia, Mustafa!"

"Unakimbia? Hata konokono amekupita sasa hivi, nimemwona!"

"Huyo ni baba mkwe wako. Nipitishe, mwanangu, treni inaniacha."

Akainua pazia la turubai nyuma ya meza yake, akanipitisha katikati ya mapipa ya zeituni kama bidhaa ya magendo. Nikatokea upande wa pili nikinuka siki, lakini nimetokea.

Ndani ya gare kuna ngazi inayopanda yenyewe. Mungu awabariki walioibuni, maana magoti yangu huwaombea kila siku. Lakini juu yake walikuwa wamesimama vijana wawili, msichana huku, mvulana kule, masanduku katikati, na midomo yao imeungana juu ya masanduku kama daraja. Nani atapita chini ya daraja hilo? Nikakohoa. Hawakusikia. Nikakohoa tena, mara hii kutoka chini ya tumbo, kama mtu aliyetoroka hospitali ya kifua kikuu. Wakaachana mbio, kila mmoja akashika sanduku lake.

Nikafika kwenye quai, ukingo wa kupandia treni. Treni ipo. Saa ya ukutani inasema dakika nne zimebaki. Nikajiambia, Émérance, umeshinda Wabelgiji wote.

Kumbe nilikuwa sijafika kwa watu wangu.

Mnajua desturi yetu: msafiri hasafiri peke yake. Hata kama ni yeye tu mwenye tiketi, lazima nyumba nzima, kwaya, majirani na watoto wa majirani wamsindikize. Walikuwa watu kama thelathini, wamevaa vitenge vya harusi, wameshikana mikono, wameziba mlango wa behewa kutoka kushoto mpaka kulia. Wazungu wenye masanduku walikuwa wanakuja, wanasimama, wanatikisa kichwa, wanakimbilia mlango mwingine. Na pale mlangoni, mguu mmoja ndani ya treni na mmoja nje, pasta Hénock alikuwa anaomba, mkono wake juu ya kichwa cha Papa Séraphin.

Pasta Hénock ni mtu wa Mungu, silikatai hilo. Lakini haombi kama watu. Yeye huanzia mwanzo. Nilipofika alikuwa kwa Abrahamu, anayeacha nchi yake. Nikahesabu: Abrahamu, Isaka, Yakobo kwenda kwa Labani, Yusufu kwenda Misri, Musa na miaka yake arobaini jangwani. Na Paulo alisafiri kwa meli mara ngapi! Treni ingefika Paris na sisi tungali Bahari ya Shamu.

Nikamgusa Berthe begani. Berthe ni mama wa Lubumbashi, ameolewa na mtu wa kwetu, na tangu aolewe anajua Bukavu kunishinda mimi niliyezaliwa huko. Chini ya kwapa lake alikuwa na kitu kipana kimefungwa kwa gazeti na kamba.

"Berthe, nipishe."

"Maman Émérance! Njo unafika saa hii? Fumba macho, batu banasali."

"Nina miwani ya mdogo wangu. Lazima nimpe Séraphin."

"Na mimi niko na photo ya Cédric wangu, siku alipata diploma. Ya kupelekea mama mkwe. Ngoja maombi yaishe."

Nikatazama hiyo photo. Ilikuwa na fremu na kioo, kubwa kama dirisha la jikoni. "Na Cédric mwenyewe umemwacha wapi? Si afadhali ungemtuma yeye? Ni mwepesi."

"Sst!"

Chef wa treni, mwenye kofia nyekundu, akapuliza kipenga. Pasta akafikiri ni shetani, akaongeza sauti. Sasa nifanye nini? Mnyororo wa maombi haukatwi. Ukipita katikati ya mikono ya watu wanaoomba, utatajwa kwenye vikao mpaka siku ya kuzikwa kwako. Dakika mbili. Nikamwona Nsimire, amekaa na suruali yake yenye mfuko wa nyuma ya goti. Na yule kijana mwenye macho ya mwewe, anakunja mikono ya shati.

Nikangoja pasta avute pumzi. Kila mtu anavuta pumzi, hata nabii. Alipomaliza "…ukamlinda Yakobo njiani" na kufungua mdomo achukue hewa, mimi nikapaza sauti yangu yote:

"AMEN!"

Na watu wote thelathini, bila kufikiri, wakajibu: "AAAMEN!"

Mikono ikaachana. Macho yakafunguka. Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakamrukia Papa Séraphin, mtu akaanzisha wimbo. Pasta peke yake ndiye aliyebaki amefumba macho, kidole juu, anatafuta ni nani aliyemalizia sala yake. Mimi nikapita chini ya kidole hicho, nikapanda ngazi za treni.

Hapo Papa Séraphin alikuwa anaburuta mabegi kwenye njia nyembamba ya ndani, na Berthe ameshanitangulia kumsukumia fremu yake mikononi na kuteremka. Nikamfuata Papa Séraphin mpaka ndani.

"Papa Séraphin, simama kidogo."

"Maman, hapana!" Hata hakuniuliza nimeleta nini. "Fasi hakuna! Hata kijiko hakiingii!"

Nami nikamwangalia vizuri. Masikini. Ndege ina kilo zake, kwa hiyo alikuwa amevaa sanduku la tatu mwilini: mashati manne, suti mbili, na juu yake makoti mawili ya baridi. Septemba! Jasho lilikuwa linamshuka kama mtu anayetoka ziwani. Mifuko yote ilikuwa imevimba kwa barua za watu, dawa za watu, saa za watu. Alikuwa hawezi kukunja mikono. Alisimama kama kuku aliyebanikwa.

"Ni miwani tu," nikasema, nikaitoa ndani ya kasha lake la chuma. "Bila hii, Nsimire anapoteza kazi. Wajukuu wanne, Papa."

"Nitaiweka wapi? Ikae mfukoni, itavunjika. Ikae ndani ya begi, itavunjika. Alors, maman, unataka niiweke wapi?"

Nikamtazama kuanzia chini. Miguu: viatu viwili, na vya pili vimening'inia shingoni. Vidole: pete ya bibi harusi. Kichwa: kofia ya baba mkwe juu ya kofia yake. Lakini puani, hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu cha kuweka puani.

"Inama," nikamwambia.

Nikamvisha. Nikafungua kamba ya photo ya Cédric, nikaikata kwa meno, nikaifunga miwani ile nyuma ya kichwa chake kwa fundo la mshipi wa kubebea mtoto, lile lisilofunguka.

"Maman Émérance! Sioni kitu! Ni ukungu tupu!"

"Nsimire ndiye anayetakiwa kuona, si wewe. Wewe ibebe tu. Na usiivue, hata ukilala."

"Kichwa chako kimekuwa kama boga!"

"Na chako kilikuwa hivyo kabla ya miwani."

Ndipo nikahisi sakafu inasogea.

Nikageuka. Dirishani, quai ilikuwa inarudi nyuma, pamoja na vitenge, vigelegele na kidole cha pasta. Berthe alikuwa anakimbia pembeni, mkono kiunoni, amenuna: "Émérance! Na wewe unasafiri, na hukutuambia? Hata bye-bye?" Mpaka leo hajaniamini.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa na tiketi ya tramu, leso, na kasha tupu la miwani. Kitambulisho nimekiacha nyumbani, pasipoti sina. Papa Séraphin, akipapasa ukuta, akaniambia treni inasimama mara moja tu nchini Ubelgiji, Mons. Baada ya Mons ni Ufaransa. "Bapolisi ya mpaka itaingia, maman. Itasema mimi nakuingiza kwa magendo."

"Kwa magendo? Wao watafikiri ni mimi ninayekuvusha wewe. Mtu anayevaa makoti mawili!"

Akaja mkaguzi wa tiketi, kijana wa Kibelgiji mwenye sharubu nyembamba. Séraphin akamtolea tiketi yake, lakini akaipeleka upande wa mlango wa choo. Mkaguzi akaufuata mkono wake ulipo, akaitoboa, akageuka kwangu.

"Na madame?"

"Mimi sisafiri, monsieur. Nimekuja kumuaga huyu."

"Kumuaga?" Akatazama nje. Miti ilikuwa inapita kama imefukuzwa. "Madame, tuko kwenye mwendo wa kilomita mia na thelathini kwa saa."

"Ndiyo. Kwetu mgeni hatumwachi mlangoni. Tunamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mtu achoke."

Akafungua daftari lake la faini. Akalifunga. Nyuma yake walikuwa wamekwama watu sita: mwanamke mwenye mtoto anayetaka kukojoa, mzee, askari mwenye begi, na wengine. Wote wanangoja mimi nisogee, na mimi siwezi kusogea, kwa sababu nyuma yangu kuna mabegi ya Séraphin, na juu ya mabegi kuna Cédric na diploma yake. "Pardon," wakasema. "Pardon, madame. Pardon!" Nikawaambia wasinisukume, mimi ni mzee.

"Mons," mkaguzi akasema, akijifuta paji la uso. "Madame anateremka Mons. Narudia: Mons."

"Monsieur, hata usingesema."

Nikamuaga Papa Séraphin mara ya pili. Nikamwambia miwani isiguswe, isifutwe kwa koti, asicheke sana isije ikadondoka. Treni ikaanza kupunguza mwendo, nikasimama mlangoni.

Ikasimama. Mlango ukafunguka. Na wale watu wa Mons, walioko chini na masanduku yao, wakafanya nini? Wakapanda. Wote. Kwa pamoja. Bwana mkubwa mwenye tumbo alikuwa mbele, ameshapanda ngazi mbili, "pardon, pardon", na nyuma yake ukuta wa watu. Nikasema: "Jamani, nateremka!" Ni kama nimesema na reli. Kipenga kikalia. Niliiona Ufaransa inanisogelea, polisi wawili, na Rolande anapigiwa simu kazini kuambiwa mama yake amekamatwa kwa kuaga.

Basi nikashika mkono wa yule bwana mwenye tumbo. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, kama tunavyosalimiana kwetu, nikaanza kwa Kifaransa changu cha masista:

"Bonjour, monsieur! Habari ya nyumbani? Madame hajambo? Na watoto? Wote? Na mama yako mzazi, magoti yake bado yanamsumbua?"

Uso wake ukawa mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Mzungu ukimsukuma, anakusukuma, ukimtukana, anakutukana, lakini ukimwulizia mama yake bila kumjua, damu inamganda. Akarudi ngazi moja. Nikateremka ngazi moja, mkono wake bado ninao. "Na ng'ombe? Na shamba?" Akarudi ya pili. Waliokuwa nyuma wakamwona anavyokimbia, nao wakakimbia. Nikashuka mpaka chini katika njia pana kama ya askofu, nikamwachia mkono, nikamwambia awasalimie wote. Akapanda mbio, mlango ukafungwa nyuma yake karibu na koti.

Dirishani Papa Séraphin alikuwa anapunga mkono kwa nguvu zote. Alikuwa anampungia nguzo ya taa.

Wenye gare ya Mons walinirudisha Brussels kwa treni ya saa saba, baada ya kunipa kahawa. Rolande alinigombeza siku tatu, na siku ya nne akawasimulia wenzake kazini.

Barua ilifika mwisho wa Oktoba, na mara hii mwandiko haukuwa wa jirani. Herufi ni za Nsimire mwenyewe, zimenyooka kama mshono.

"Yaya Émérance," aliandika, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, "Papa Séraphin alifika Jumatano akiongozwa na dereva kwa mkono, kama kipofu wa Yeriko. Watu wa harusi walilia, wakafikiri Ulaya imemharibia macho. Alimkumbatia mama mmoja muuza ndizi kwa muda mrefu akimwita dada. Photo ya Cédric alinikabidhi mimi, akidhani ndiye mama mkwe wa Berthe. Fundo lako lilitushinda, tulikata kwa mkasi wangu. Nimevaa miwani. Alhamisi nilimpelekea sista suruali kumi, akazigeuza, akatafuta mfuko nyuma ya goti, akakosa. Kazi imebaki kwangu, mwaka huu na mwakani. Yule kijana nimemchukua, anashona vifungo.

"Neno moja, yaya. Ile photo yako uliyonitumia miaka miwili iliyopita, nimeitazama vizuri sasa. Huku wote nilikuwa nawaambia kwamba unameremeta, hujazeeka hata kidogo. Ungeniambia mapema. Nimeitoa ukutani, nimeweka ya Cédric."